Programu ya retrosinthesi ikikwama: dalili, vyanzo na tiba kwa anayepanga usanisi wa molekuli za ukoo mmoja

Kila muhula ukikaribia kwisha hunijia wanafunzi wa uzamili wa kemia, wengi wa hapa Mombasa, wachache kutoka Kilifi. Mtu anaingia na laptopu kwapani, anaketi, anasema, "Mwalimu, hii programu imenikataa." Nikiifungua naona mara nyingi programu imefanya sawasawa na ilivyoagizwa, na kosa limeingia mapema zaidi, kwenye kile ilicholishwa. Malalamiko yanajirudia mno, nami nimeamua kuyaandika kwa mpangilio wa dalili. Tafuta yako, anza na kipimo chepesi, kisha ushuke taratibu.

Kwa aliye mgeni: retrosinthesi ni kupanga usanisi, yaani utengenezaji wa molekuli, kwa kurudi nyuma. Unaanza na molekuli unayoitaka, unaikata kifungo kimoja kimoja, mpaka ufike kwenye kemikali zinazoweza kununuliwa. E. J. Corey ndiye aliyeifanya kazi hii kuwa elimu yenye kanuni, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, na tayari mwaka 1969 yeye na Wipke walikuwa wamechapisha namna ya kuifanya kwa kompyuta. Programu za leo, kama AiZynthFinder, ASKCOS na Synthia, zina uwezo mkubwa kuliko ile ya kwanza, lakini swali ni lile lile. Mifano yangu mingi inatoka AiZynthFinder kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi ndani ya mashine yako bila intaneti. Ukitumia nyingine, majina ya vitufe yatabadilika, dalili hazitabadilika.

Ukoo nitakaoutumia ni dawa za salfa: salfanilamidi, salfapiridini, salfathiazoli, salfadiazini na salfamethoksazoli. Huyo wa mwisho unamjua hata kama hujasoma kemia, kwani yumo ndani ya vidonge ambavyo watu huviita Septrin. Wote wana pete ya benzini, upande mmoja kundi la amino, upande wa pili salfonamidi. Kinachowatofautisha ni kile kilichoning'inia kwenye nitrojeni ya salfonamidi. Ni ukoo mzuri wa kujifunzia kwa sababu kemia yake inajulikana tangu zamani, na programu ikikosea utaona ilipokosea.

Dalili ya kwanza: programu haisomi molekuli, au inasoma molekuli isiyo yako

Kabla ya yote, pima uzito. Iambie RDKit, maktaba ya bure ya kompyuta ya kushughulikia molekuli, ikupe uzito wa kila molekuli kama ilivyoisoma yenyewe, kisha linganisha: salfanilamidi 172.2, salfapiridini 249.3, salfadiazini 250.3, salfamethoksazoli 253.3, salfathiazoli 255.3. Ni kazi ya dakika mbili, na imewaokoa watu wengi kuliko jambo lolote nitakalosema hapa chini.

Uzito ukikataa, chanzo cha kawaida ni kunakili. Mtu huhifadhi mistari yake ya SMILES (namna ya kuandika molekuli kwa herufi na alama kwenye mstari mmoja) kwenye Word, na Word ina tabia ya kugeuza herufi c iliyo ndani ya mabano kuwa alama ya hakimiliki pale unapoichapa. Chukua salfadimidini, ndugu mwingine wa ukoo huu:

Cc1cc(C)nc(NS(=O)(=O)c2ccc(N)cc2)n1

Ile (C) ya mwanzoni ikishageuka ©, programu haina la kufanya. Mistari iliyonakiliwa kutoka PDF nayo hukatika katikati au kuingiwa na nafasi isiyoonekana kwa macho. Hifadhi SMILES kwenye faili la maandishi matupu, mstari mmoja molekuli moja, basi.

Chanzo cha pili ni chumvi. Dawa nyingi za salfa huuzwa kama chumvi ya sodiamu, na ukichukua SMILES ya dawa kutoka orodha ya biashara utaipata na [Na+] baada ya nukta. Uzito utakuwa umezidi kwa 22, yaani sodiamu imekaa mahali pa hidrojeni. Ukiona 22, usitafute zaidi. Ondoa sodiamu, irudishe hidrojeni.

Cha tatu ni ule ujumbe wa kosa unaosema molekuli haiwezi "kekulize". Maana yake ni kwamba umeandika pete ya aromatiki ambayo programu haiwezi kuzipanga vifungo vyake maradufu. Karibu kila mara ni nitrojeni ya pete ya atomu tano iliyobeba hidrojeni, nayo lazima iandikwe [nH], si n peke yake.

Kilichobaki hutokea kwa nadra lakini kinaumiza, kwa sababu uzito hautakionyesha. Hizi ni tautoma. Salfapiridini na salfathiazoli zinaweza kuandikwa hidrojeni ikiwa kwenye nitrojeni ya salfonamidi au ikiwa kwenye nitrojeni ya pete. Kwa mkemia ni kitu kimoja kinachobadili mkao. Kwa programu ni molekuli mbili, na kila moja itapewa njia zake. Chagua umbo moja, uliandike hivyo kwa ukoo mzima. Mimi hutumia lile lenye hidrojeni kwenye salfonamidi, kwa kuwa ndilo linaloacha kifungo cha salfa na nitrojeni kikatwe kirahisi.

Molekuli yako ikiwa na vituo vya stereokemia, yaani atomu ambazo makundi yake yanaweza kupangwa kwa mikao miwili iitwayo R na S, na huna hakika ni upi, usibahatishe. Muulize msimamizi wako kabla hujabofya chochote.

Dalili ya pili: inatafuta mpaka mwisho, haipati njia hata moja

Jaribu kwanza parasetamoli: CC(=O)Nc1ccc(O)cc1. Ni molekuli ndogo, hatua moja tu kutoka kwenye amini inayouzwa kila mahali. Programu ikishindwa hata na hiyo, achana na molekuli yako, shida iko kwenye mipangilio. Mara nyingi ghala halikuchaguliwa. Programu hizi zinahitaji vitu viwili: modeli inayopendekeza mikato, na ghala, yaani orodha ya kemikali zinazohesabiwa kuwa zinanunulika. Bila ghala hakuna pa kufikia, kwa hiyo kila njia inahesabiwa haijakamilika hata kama mikato yote ni mizuri. Kagua anwani ya faili la ghala ndani ya config.yml, faili la mipangilio ya programu. Ukihamisha folda kutoka laptopu moja hadi nyingine, anwani hiyo huwa imebaki ya mashine ya zamani.

Parasetamoli ikipita na molekuli yako isipite, fikiria namna ghala linavyotambua kemikali. AiZynthFinder hulinganisha funguo za InChI (msimbo mfupi unaotambulisha kila molekuli), na ufunguo wa amini huru si ule wa chumvi yake ya hidrokloridi. Umeorodhesha kemikali za kabatini kwenu kama zilivyoandikwa kwenye chupa, na chupa imeandikwa hidrokloridi. Programu inatafuta amini huru, haiioni, inaendelea kukata mpaka ichoke. Nimekutana na kisa hiki mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naomba kuona orodha ya ghala kabla ya kuona molekuli. Andika maumbo yote mawili.

Baada ya hapo ndipo uguse muda. Mipangilio ya kawaida ya AiZynthFinder ni mizunguko 100, sekunde 120, na hatua zisizozidi 6. Kwa dawa za salfa inatosha. Kwa molekuli kubwa ongeza mizunguko hadi 500 na sekunde 600, huku hatua ukiziacha zilivyo. Wengi hufanya kinyume, wanaongeza hatua hadi 12, na mti wa utafutaji unatanuka kiasi kwamba muda unaisha ukiwa bado matawini.

Ikiwa yote hayo hayakufaa, huenda modeli haijawahi kuuona mmenyuko unaohitajika. Modeli za wazi zimefunzwa kwa mimenyuko iliyotolewa kwenye hati za hataza za Marekani, na mambo ambayo viwanda havikuyaandikia hataza hayamo. Hapa tumia kichwa chako: kata kifungo cha kwanza mwenyewe kwenye karatasi, kisha uipe programu vile vipande viwili kimoja kimoja. Si aibu kuisaidia.

Kuna pia kinyume cha dalili hii. Umeomba salfanilamidi na programu inakujibu kwa njia yenye hatua sifuri. Haijaharibika. Salfanilamidi inauzwa, imo ghalani, kwa hiyo imekuambia ununue. Kama unataka kuitengeneza, washa mpangilio unaoitoa molekuli lengwa kwenye ghala.

Dalili ya tatu: njia imepatikana, alama ni za juu, lakini maabarani haiendi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fedha na miezi ya watu inapopotelea.

Ipe programu salfathiazoli. Moja ya njia fupi utakazoziona ni hii: chukua kloridi ya salfonili yenye kundi la amino huru upande wa pili wa pete, iunganishe na 2-aminothiazoli, umemaliza. Kwenye skrini ni safi. Kifungo kilichokatwa ndicho hasa kinachopaswa kukatwa. Lakini itazame ile kloridi tena. Mkono mmoja una amini, ambayo hupenda kushambulia kloridi ya salfonili. Mkono wa pili una kloridi ya salfonili. Molekuli moja itamshika jirani yake, jirani atamshika wa tatu, na mwisho una mnyororo mrefu usioyeyuka. Nilipokuwa mwanafunzi niliifuata njia ya namna hii kwa sababu alama yake ilikuwa juu kuliko nyingine zote. Wiki tatu zilinipita nikikwangua kitu cha manjano kilichogoma kuyeyuka kwenye kila kiyeyushi tulichokuwa nacho.

Kwa nini programu haikuona? Sababu ya kwanza, iliyo kubwa, ni kwamba kiolezo cha mmenyuko, yaani kanuni ya mkato ambayo modeli huichagua, hutazama atomu chache zinazozunguka kifungo kinachokatwa. Kinaona salfa, oksijeni zake, nitrojeni, na ujirani wa karibu. Amini iliyo upande wa pili wa pete iko nje ya dirisha hilo. Sababu ya pili ni kwamba data ya mafunzo ni ya mimenyuko iliyofaulu. Hakuna anayeandikia hataza kitu cha manjano kisichoyeyuka, kwa hiyo modeli haijafunzwa kushindwa. Ya tatu ni kwamba alama inayoonyeshwa hujengwa zaidi na urefu wa njia na kuwepo kwa viungo ghalani. Haisemi lolote kuhusu mazao utakayopata kwenye chupa.

Kipimo chepesi unakifanya bila kompyuta. Chapisha kila hatua kwenye karatasi. Kwa rangi moja zungushia kila kundi linalopenda kutoa elektroni: amini, haidroksili, thioli. Kwa rangi nyingine zungushia kila kundi linalozipokea: kloridi za asidi, kloridi za salfonili, aldehidi, halidi za alkili. Rangi mbili zikiwa ndani ya molekuli moja, au kukiwa na zaidi ya jozi moja kwenye hatua moja, weka alama ya swali pembeni.

Kipimo cha pili ni cha programu. Chukua vianzio vya hatua hiyo, uvipeleke kwenye chombo cha kutabiri mmenyuko kwa kwenda mbele, kama kile kilichomo ndani ya ASKCOS. Kikikurudishia bidhaa tofauti na uliyoitarajia, au kikakupa bidhaa tatu zenye uwezekano unaokaribiana, umeonywa.

Tiba kwa dawa za salfa ni kongwe kuliko programu zote hizi. Amini inavalishwa kinga ya asetili kwanza. Unaanza na asetanilidi, unapata kloridi ya 4-asetamidobenzinisalfonili, unaiunganisha na amini ya pete unayoitaka, kisha unavua asetili kwa hidrolisisi. Inawezekana kuivua bila kuvunja salfonamidi kwa sababu kifungo cha salfonamidi huvumilia hidrolisisi kuliko amidi ya asetili. Njia inaongezeka hatua mbili na alama yake inashuka. Ifuate hiyo hiyo.

Hata baada ya kinga, si kila amini ina tabia moja. Kwenye 2-aminothiazoli nitrojeni ya pete nayo inaweza kupokea kundi la salfonili, ukapata bidhaa iliyobeba mawili. Kwenye 2-aminopirimidini amini imefifishwa na pete iliyo na njaa ya elektroni, kwa hiyo mmenyuko huwa mzito. Programu huzichora zote mbili kwa mshale ule ule. Usitegemee kwamba masharti yaliyofaa kwa salfapiridini yatafaa kwa ndugu zake bila kubadilishwa.

Simama hapa kama hatua yako inatumia asidi ya klorosalfoniki, na ukoo huu unaitumia. Asidi hiyo ikikutana na maji hulipuka kwa joto na kutoa mvuke wa hidrojeni kloridi pamoja na asidi ya salfuriki. Unyevu wa hewa ya pwani peke yake unatosha kuifanya ifuke mara unapofungua chupa. Si kazi ya mwanafunzi aliye peke yake jioni, wala si kazi ya chumba ambacho feni ya kabati la mvuke inasubiri fundi. Mwite fundi mkuu wa maabara, mpe karatasi yako, na asiporidhika, hatua hiyo haifanyiki. Ile kloridi ya 4-asetamidobenzinisalfonili huuzwa ikiwa tayari, na kwa maabara nyingi za hapa naona ni busara kuinunua. Ukishaipata ifunge vizuri kwenye kikaushio, kwa maana unyevu huu huu huigeuza polepole kuwa asidi ya salfoniki isiyokufaa kitu.

Dalili ya nne: molekuli tano za ukoo mmoja, njia tano zisizofanana

Mwanafunzi mmoja aliniletea mpango wake wa ndugu watano ukiwa na vianzio kumi na vinne. Kila njia ilikuwa halali. Zote kwa pamoja hazikuwa mpango.

Chanzo kikuu: programu hutafuta kila molekuli peke yake. Haijui kwamba salfadiazini unayoiomba sasa ni ndugu wa salfapiridini uliyoiomba dakika tano zilizopita. Chanzo cha pili ni bahati iliyomo ndani ya utafutaji wenyewe. Mti hauchunguzwi wote, na tofauti ndogo ya pete hubadilisha tawi litakaloingiwa kwanza. Cha tatu ni ghala: ndugu mmoja ana kipande kikubwa kinachouzwa, programu inakirukia, mwenzake hana.

Fanya hesabu kabla ya kurekebisha, ndipo uone thamani yake. Tuseme kila ndugu anahitaji hatua 4 kuanzia anilini: kuvalisha asetili, kuweka kloridi ya salfonili, kuunganisha amini, kuvua asetili. Ukiwatengeneza watano mbalimbali, ni mimenyuko 20. Lakini hatua mbili za kwanza ni zile zile kwa wote. Zifanye mara moja kwa wingi, kisha gawanya: 2, kujumlisha 10 za matawi, jumla 12. Kiyeyushi na taka hupungua pia. Na ukiharibu tawi moja hujapoteza shina.

Tiba ninayoipenda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta molekuli ya katikati ambayo wote wanaweza kuipitia. Unaweza kuiona kwa jicho, au uiache programu ipange njia za kila ndugu katika makundi ya zinazofanana, kwani AiZynthFinder ina uwezo wa kukusanya njia kwa makundi, kisha uangalie ni molekuli gani inajirudia. Hapa ni ile kloridi yenye kinga ya asetili. Iingize ghalani kana kwamba inauzwa dukani. Endesha utafutaji upya kwa wote watano. Sasa programu ina sababu ya kusimama pale pale kwa kila mmoja, na njia tano zinakuwa shina moja lenye matawi matano. Mwisho iulize swali moja zaidi, yaani namna ya kuitengeneza hiyo kloridi yenyewe, na mpango umekamilika.

Bado isiposimama pale, angalia tautoma (rudi dalili ya kwanza), kisha punguza ghala kwa muda: ondoa vipande vikubwa vinavyoivutia programu kwenye njia za mkato za ndugu mmoja.

Usilazimishe, hata hivyo. Salfadimidini ni mfano mzuri. Unaweza kuiunganisha kama wenzake, lakini programu huweza kukuletea njia tofauti: kuanza na salfaguanidini na kuijenga pete ya pirimidini mwishoni kwa asetilasetoni. Hiyo ni njia inayojulikana na kutumika. Mwanafunzi aliyekariri kwamba lazima wote wapite mlango mmoja angeitupa. Ndugu anayekataa shina mwache kwanza, umsome, ndipo uamue.

Dalili ya tano: kiungo "kinapatikana", lakini hapa hakipatikani

Ghala linalokuja na programu limejengwa kutokana na orodha za wauzaji wa dunia nzima. Ikisema 3-amino-5-methilisoksazoli ipo, inamaanisha kuna mtu mahali fulani anayeiuza. Haimaanishi ipo Mombasa. Tuna bandari ya Kilindini mlangoni, na bado gramu 25 za amini zinaweza kutufikia kwa ndege kupitia Nairobi baada ya majuma, zikiwa na makaratasi mengi kuliko uzito wake.

Tiba ni kujenga ghala lako. Orodhesha kabati lenu, kila chupa kwa SMILES, kisha tumia amri ya smiles2stock kuigeuza orodha kuwa faili la ghala. Mimi huwa na maghala matatu: la kabatini, la wauzaji wa Nairobi, na la dunia. Naanza na la kwanza peke yake. Likishindwa naongeza la pili. La tatu ni la mwisho. Njia ya hatua 5 inayotumia vitu vya kabatini humaliza kabla ya njia ya hatua 3 inayosubiri mzigo. Na fungua chupa uangalie kabla ya kuiandika, kwa maana lebo ya mwaka ule inaweza kuwa imebaki juu ya kitu kilichokwisha kuwa jiwe.

Simama na uulize pale programu inapokuletea kemikali zinazodhibitiwa. Programu haijui sheria. Itakupendekezea anhidridi ya asetiki kwa kuvalisha kinga bila kukuambia kwamba imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya usafirishaji haramu wa dawa za kulevya. Itakupendekezea kloridi ya thionili bila kutaja kwamba imo katika Orodha ya 3 ya Mkataba wa Silaha za Kemikali. Kuwa na kazi halali hakukuondolei wajibu wa kibali. Maombi ya vitu hivi yapite kwa mkuu wa maabara na ofisi ya chuo inayohusika, kamwe si kwa rafiki mwenye duka. Kwa ukoo wetu pengo linazibika kirahisi: nunua asetanilidi ikiwa tayari, na anhidridi ya asetiki hutaihitaji. Molekuli lengwa yenyewe ikiwa inafanana na dawa inayodhibitiwa, funga programu mpaka msimamizi wako aione.

Dalili ya sita: mashine inaganda, au matokeo yanapotea

Hili ni fupi. Stima imekatika katikati ya kazi na hukuhifadhi: endesha molekuli kwa mafungu ya tano tano, kila fungu na faili lake la matokeo. Mashine inaganda: funga kivinjari, kwa kuwa ghala kubwa linakaa kwenye kumbukumbu, na laptopu yenye gigabaiti 4 itahangaika. Modeli haifunguki: faili halikumalizika kupakuliwa. Ni kubwa, kwa hiyo lipakue chuoni badala ya kulimalizia bando lako, na ulinganishe ukubwa wake kabla ya kulaumu kitu kingine. Matoleo ya Python, lugha ya kompyuta inayoendesha programu hii, yakigombana, tengeneza mazingira mapya kabisa ya programu hii peke yake. Kukarabati ya zamani kunachukua muda zaidi.

Kama molekuli yako ni mpya na kuna matumaini ya hataza, usiiweke kwenye seva ya mtu kabla ya kuzungumza na ofisi ya utafiti ya chuo chako. Hii ni sababu nyingine ya kupenda programu inayokaa ndani ya mashine yako.

Lini uache kutafuta na kumwita mtu

Yapo niliyoyataja njiani: asidi ya klorosalfoniki, kemikali za vibali, stereokemia usiyo na hakika nayo. Ongeza azidi, perklorati, peroksidi na misombo yenye makundi mengi ya nitro. Programu huichora mishale ya vitu hivi bila kubadilisha rangi, na vitu hivi hulipuka. Njia yenye chochote kati ya hivyo itupe, au ipeleke kwa mkemia aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Na lililo zito kuliko yote: ulichokitengeneza kwa mpango huu si dawa. Mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja iliyeyusha salfanilamidi ndani ya diethilini glikoli na kuiuza kama dawa ya maji. Zaidi ya watu 100 walikufa, miongoni mwao watoto wengi. Aliyewaua ni kiyeyushi. Salfanilamidi yenyewe ilikuwa sawa. Mabaki ya kiyeyushi, ya amini na ya kloridi yamo ndani ya unga wako mweupe hata kama unang'aa, na wapo watu ambao miili yao haivumilii salfa kabisa. Usionje, usimpe mtu, usimpe hata mnyama.

Ukija kwangu, au kwa mwingine yeyote anayeielewa kazi hii, njoo na vitu vinne: faili la SMILES lenyewe badala ya picha ya molekuli, faili la config.yml, namba ya toleo la programu, na ujumbe wa kosa wote tangu mstari wa kwanza. Ule wa mwisho peke yake, uliopigwa picha kwa simu, hautatufikisha mbali.